Kejeli, Sifa, na Jina Nyuma ya Picha

(Hotuba iliyotolewa Nairobi mbele ya wanafunzi wa uhifadhi wa nyaraka, wanajeshi wastaafu na jamaa zao. Imehaririwa kidogo kwa ajili ya wasomaji.)

Bi Mwenyekiti, wazee wetu, kina mama, wanafunzi, na nyinyi mliokosa viti mkaegemea ukuta, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie picha za wanawake wa jeshi, pamoja na yale makaratasi mepesi ya wakati wa vita ambayo watu huyatupa vita vikiisha: postikadi, mabango, vibonzo, majalada ya magazeti, makasha ya kiberiti, doli za karatasi. Mwandalizi akaongeza kwamba nisizidishe dakika arobaini. Hilo la kwanza nimelikubali.

Niseme mapema ninaloliamini, ili atakayesinzia awe ameshalipata. Katika makusanyo ya aina hii, picha ya sifa huficha mengi kuliko picha ya kejeli. Kejeli hutuonyesha watu waliogopa nini. Sifa hutuonyesha serikali ilitaka nini, basi. Na ikiwa aliye kwenye picha hana jina, zote mbili humwacha mlangoni.

Wengi wenu mmepita Kenyatta Avenue mkija hapa. Mmeziona zile sanamu tatu za shaba zilizosimamishwa mwaka 1928 kuwakumbuka waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Maandishi yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yale ya Kiingereza yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, kisha yanawakumbuka wanaume wengine wote waliotumikia na kufa. Halafu yanaahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Ukizunguka pande zote hutaona jina hata moja. Mwanamke hayumo kabisa, ingawa kila aliyebeba mzigo aliacha nyuma shamba lililolimwa na mtu, na mtu huyo hakuwa mwanamume, kwa sababu wanaume walikuwa wamechukuliwa. Hiyo ni shaba ya serikali. Mimi nimekuja kuzungumzia karatasi, na karatasi ina mdomo mrefu zaidi.

Nikianza na Marekani si kwa sababu vita vyao ni bora kuliko vyetu. Ni kwamba walitunza takataka zao. Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Greensboro kilianzisha mradi mwaka 1998 wa kukusanya kumbukumbu za wanawake waliotumikia jeshi: barua zao, sare, picha, mabango, na masimulizi yao wenyewe yaliyorekodiwa. Ukisoma barua ya mtu, ukaona sare aliyoivaa, kisha ukatazama namna mitaa ilivyokuwa ikimchora mwanamke wa aina yake siku zile zile, unaelewa jambo ambalo faili la wizara haliwezi kukupa.

Sheria ya kuunda kikosi cha wasaidizi wa jeshi cha wanawake, WAAC, ilitiwa saini Mei 1942, na mkuu wake akawa Oveta Culp Hobby. Mwanzoni walikuwa pembeni ya jeshi, hawamo ndani yake. Julai 1943 wakaingizwa kikamilifu, jina likawa WAC. Hadi vita vinakwisha wanawake wapatao 150,000 walikuwa wamepitia humo: makarani, madereva, wapokeaji simu, mafundi wa redio, wachoraji ramani. Mabango ya kuwaandikisha yalikuwa na hoja moja kuu: jiunge, umwachilie mwanamume akapigane.

Tafakarini hoja hiyo kama mngekuwa yule mwanamume. Umeketi ofisini Texas, una taipu yako na kikombe cha kahawa, vita unavisoma gazetini. Anaingia msichana aliyevaa sare. Maana ya kuja kwake ni kwamba wiki chache zijazo wewe utakuwa kwenye meli. Na mama yako anajua. Mkeo anajua. Bango lilidhani linamsifu msichana, kumbe lilikuwa linamtafutia maadui nyumba kwa nyumba.

Mwaka 1943 uvumi ukatanda nchi nzima kwamba wanawake wa WAAC ni malaya waliovishwa sare, kwamba wanarudishwa nyumbani kwa mamia wakiwa na mimba. Mwezi Juni mwandishi mmoja wa safu katika gazeti la Daily News la New York akaandika kwamba wangegawiwa vifaa vya kuzuia mimba kwa siri. Ilikanushwa na kila aliyepaswa kukanusha. Serikali ikashuku kwamba ni propaganda ya Wajerumani, ikaagiza uchunguzi. Wachunguzi hawakumkuta Mjerumani. Walikuta wanajeshi wao wenyewe, wake za wanajeshi, na wakazi wa miji iliyozunguka kambi, kila mmoja akimwongezea mwenzake chumvi. Uandikishaji ukashuka.

Waingereza walikuwa wamepitia hayo hayo mwaka mmoja kabla. Tume iliyoongozwa na Violet Markham ilichunguza maadili katika vikosi vitatu vya wanawake, ikatoa ripoti mwaka 1942, ikasema tuhuma hazina msingi.

Sasa, ripoti ya tume tunayo, na faili la wachunguzi lipo. Lakini faili linasema tu kwamba uvumi ulikuwepo. Sura ya uvumi, kicheko chake, utaipata kwenye postikadi ya kuchekesha iliyosafiri kwa stempu ya senti 1. Pale sajini anafura kwa hasira huku askari wa kike akijipaka rangi ya mdomo katikati ya gwaride. Pale sare imebana mahali ambapo hakuna fundi wa jeshi aliyeibana. Nyuma ya postikadi kuna mwandiko wa kijana anayemwandikia nduguye: hali yangu nzuri, chakula kibaya, msalimie mama. Kijana huyo hakuwa mtu mbaya. Alichagua kicheko kilichokuwa dukani, na kicheko kilichokuwa dukani kilikuwa hicho.

Kuna watu wema wanaoniuliza kwa nini tuhifadhi matusi. Mwanafunzi mmoja aliniambia waziwazi kwamba angeyachoma moto. Nami nawaelewa, hasa kina mama walioyasikia kwa masikio yao kambini. Lakini ukiyachoma, utabakiwa na bango la msichana mrembo aliyetazama juu kama anayesubiri ndege. Mjukuu wake atauliza: kama kila mtu aliwapenda hivi, kwa nini bibi aliificha sare yake chini ya sanduku miaka yote? Hutakuwa na cha kumjibu.

Nimesema picha ya sifa huficha zaidi, na naona mzee pale mbele amekunja uso. Nifafanue.

Mwaka 1941 msanii Abram Games alichora bango la kuwaandikisha wasichana wa Uingereza katika ATS, kikosi chao cha nchi kavu. Alimchora msichana wa nywele za dhahabu, midomo myekundu, kivuli cha kofia kikimpita usoni kama nyota wa sinema. Bango lilizua mabishano hadi bungeni, kwamba lingewavuta wasichana kwa mapambo badala ya kazi. Likaondolewa. Watu wazima, mabomu yakiendelea kudondoka London, waliketi kujadili midomo ya msichana wa kuchorwa. Mwaka uliofuata Lyudmila Pavlichenko, mdunguaji wa Kisovieti aliyehesabiwa kuwa ameua maadui 309, alizuru Marekani. Waandishi wa habari wakamuuliza kuhusu vipodozi vitani na urefu wa sketi yake. Hayo magazeti yametunzwa, na nashukuru kwamba yametunzwa.

Kisha kuna lile bango ambalo hata hapa Nairobi mnalijua, maana kila ifikapo tarehe 8 Machi linachapishwa kwenye fulana na vikombe: mwanamke wa kitambaa chekundu chenye madoadoa, amekunja ngumi na kuonyesha msuli. Wengi hudhani lilikuwa bango la taifa la kuwaita wanawake viwandani. Halikuwa. J. Howard Miller alilichora kwa ajili ya kampuni ya Westinghouse, likatundikwa ndani ya viwanda vyake kwa muda wa wiki mbili hivi Februari 1943, likaondolewa. Wafanyakazi waliolitazama walikuwa tayari kazini. Umaarufu wake ulikuja miaka ya 1980, karibu miaka arobaini baada ya vita.

Lilipopata umaarufu likahitaji mtu. Kulikuwa na picha ya zamani ya msichana aliyefunga kitambaa kichwani, ameinama kwenye mashine ya kiwandani, na watu wakaamini ndiyo iliyomwongoza mchoraji. Mama mmoja, Geraldine Doyle, aliiona gazetini miaka ya 1980 akaamini kwa nia njema kwamba ni yeye. Dunia ikamkubali. Alifariki mwaka 2010 akiombolezwa kwa heshima hiyo. Mwaka 2011 Naomi Parker Fraley, aliyefanya kazi katika kituo cha ndege za jeshi la majini huko Alameda, California, alihudhuria mkusanyiko wa wanawake waliofanya kazi wakati wa vita. Akaikuta picha yake ukutani, na chini yake jina la mwingine. Alikuwa amehifadhi kipande cha gazeti la mwaka 1942 chenye picha hiyo na jina lake. Hakikutosha.

Msomi James Kimble aliitafuta picha hiyo kwa miaka, akapata nakala ya zamani ambayo bado ilikuwa na maelezo yake yaliyobandikwa: Machi 1942, Alameda, na jina, Naomi Parker. Alichapisha matokeo yake mwaka 2016. Naomi akafariki Januari 2018, akiwa amepata karibu miaka miwili ya kuitwa kwa jina lake. Na msichanganye mambo: hakuna ushahidi kwamba Miller aliitumia picha hiyo kuchora bango. Alichokitaka Naomi kilikuwa kidogo kuliko hicho, kwamba yule kwenye mashine ni mimi. Wanafunzi wa nyaraka, kazi yenu yote iko kwenye kipande hicho cha karatasi kilichobandikwa kwenye picha. Msiikate pembeni ili iingie kwenye bahasha.

Marubani wa kike wa Marekani, WASP, nao walisifiwa sana. Waliomba wanawake zaidi ya 25,000, waliohitimu wakawa 1,074. Walizitoa ndege viwandani wakazipeleka vituoni, walivuta shabaha angani huku wanajeshi wakijifunza kulenga kwa risasi halisi, walizijaribu ndege zilizotoka matengenezoni. Julai 1943 mmoja wao alitokea kwenye jalada la gazeti la Life akiwa ameketi juu ya ndege, nywele zimesukwa. Ukiiona utadhani nchi iliwakumbatia. Lakini kisheria walikuwa raia. Walipokufa 38 kazini hawakustahili bendera juu ya jeneza, na wenzao walichanga pesa kupeleka maiti nyumbani. Kikosi kilivunjwa Desemba 1944, mafaili yao yakafungiwa kama siri. Miaka ya 1970 ilipotangazwa kwamba jeshi la anga lingefundisha marubani wake wa kwanza wa kike, wazee hawa wakashika viuno wakauliza, na sisi je? Hadhi ya wanajeshi wastaafu waliipata mwaka 1977. Leo nyaraka zao nyingi ziko Texas Woman's University, mjini Denton. Jalada la Life lilionekana na mamilioni kwa miaka hiyo yote na halikuwasaidia kitu.

Halafu kuna wale ambao hata kejeli hawakupata nafasi kubwa ndani yake, kwa sababu mabango maarufu ya kuandikisha yaliwachora wazungu tu. Kikosi cha 6888 cha posta cha jeshi la Marekani kilikuwa na wanawake 855 weusi chini ya Meja Charity Adams. Walifika Birmingham, Uingereza, Februari 1945, wakakuta maghala yamejaa barua na vifurushi vilivyokadiriwa kufika milioni 17. Walipewa miezi sita, wakamaliza kwa mitatu, kwa zamu za saa nane nane, usiku na mchana. Kisha wakapelekwa Rouen, Ufaransa, kufanya hivyo hivyo. Bunge la Marekani liliwapitishia Medali yake ya Dhahabu mwaka 2022, na filamu iliyotoka 2024 imewafikisha hadi kwenye simu zenu. Ajabu ni kwamba picha rasmi za gwaride lao zilikuwepo kwenye nyaraka muda wote. Picha ilikuwepo, swali halikuwepo.

Sasa turudi kwetu, kwa sababu nimeona mmoja ametazama saa.

Aprili 1942, baada ya Wajapani kuushambulia mji wa Colombo, Sri Lanka ya leo, Waingereza waliwahamishia Mombasa wavunjaji wao wa misimbo, yaani wasomaji wa maandishi ya siri ya adui, wakawaweka katika majengo ya shule ya Allidina Visram. Miongoni mwao walikuwemo wanawake wa jeshi la majini, Wrens. Humo, Novemba ya mwaka huo, msimbo wa meli za biashara za Japani ulivunjwa. Hakuna bango lililochorwa kuhusu kazi hiyo, wala halingeweza kuchorwa, maana wafanyakazi waliapishwa kunyamaza. Yule msichana wa kwenye mabango aliyepiga saluti alikuwa ndiye anayeruhusiwa kuonekana. Wenzake waliokuwa wakitokwa jasho Kilindini juu ya makaratasi ya tarakimu hawakuruhusiwa hata kumwambia mama.

Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo. Ndani yake mlikuwa na watu zaidi ya 1,500. Sehemu kubwa walikuwa askari wa Afrika Mashariki wa kikosi cha mizinga cha 301, na pamoja nao manesi wa jeshi, Wrens, na wanawake wa jeshi la Afrika Kusini. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa topido. Ilizama kwa dakika tatu hivi. Walikufa watu 1,297, wakiwemo wanawake 77. Wanawake waliookoka walikuwa 6. Manowari zilizokuwa zikiisindikiza zilitupa mabomu ya kina kuiwinda nyambizi huku manusura wangali wakielea majini. Katika historia yote ya Jumuiya ya Madola hakuna siku nyingine iliyoua wanawake wengi wa jeshi kama siku hiyo. Askari wetu wa kikosi cha 301 majina yao yamo kwenye mnara wa makaburi ya vita, barabara ya Ngong. Nendeni mkayasome, hakuna kiingilio.

Waulizeni watu mtaani kuhusu Khedive Ismail. Watajieni Titanic, watawaimbia. Meli iliyotoka kwenye bandari yetu na vijana wetu haina fulana wala kikombe. Tusiseme dunia imetusahau; karatasi tunazo wenyewe. Baraza, gazeti la Kiswahili lililoanza hapa Nairobi mwaka 1939, liliingia katika nyumba za watu wetu vita vyote. Kuna wanaokaa juu ya rundo la magazeti ya namna hiyo na hawajui, wakiyatumia kutandika kabati. Na hapa mjini tuna tabia moja: kila mtu husema "tukutane Archives." Mlango wa Makavazi ya Kitaifa pale Moi Avenue umekutanisha wachumba, wakopeshaji na wadaiwa kwa miongo mingi. Wanaopanda ngazi kuomba faili ni wachache mno.

Katika vita vya Mau Mau mambo yanageuka. Hapa mpiga picha, mara nyingi sana, alikuwa upande wa walioshika bunduki za serikali. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Tulicho nacho ni wanawake kwenye foleni ya kuchujwa, wanawake wakichimba mahandaki kuzunguka vijiji walivyolazimishwa kuhamia, wanawake walioketi chini kambini. Afisa aliyesimama pembeni utamkuta ametajwa kwa cheo na jina. Wanawake wametajwa kwa kabila. Hapo hakuna kejeli wala sifa, kuna hesabu ya mifugo.

Sura ya mpiganaji wa kike wa msituni ilibidi aibebe mpiganaji mwenyewe. Field Marshal Muthoni wa Kirima aliingia msituni, akapewa cheo ambacho hakuna mwanamke mwingine wa Mau Mau aliyekipata, na nywele alizoanza kuzifuga vitani hakuzikata hadi Aprili 2022, Mama Ngina Kenyatta alipozinyoa mbele ya kamera. Miaka sabini alitembea na ushahidi kichwani, kwa sababu faili halikumtosha. Alifariki Septemba 2023. Siku zile za kunyolewa wengine mitandaoni walimsifu na wengine walimdhihaki vibaya. Nani kati yetu aliyahifadhi maneno hayo? Mtafiti wa mwaka 2080 atajua kwamba tulimheshimu. Hatajua tulibishana nini juu yake, na ubishi ule ndio uliokuwa Kenya yenyewe.

Pale Uhuru Park kuna mnara uliozinduliwa Septemba 2015, matokeo ya kesi ya wazee wetu dhidi ya serikali ya Uingereza. Kesi hiyo ndiyo iliyolazimisha mafaili ya kikoloni yaliyofichwa Hanslope Park, huko Uingereza, yajitokeze mwaka 2011, na mwaka 2013 wakalipwa waathiriwa 5,228. Sanamu inamwonyesha mwanamke akimpa mpiganaji chakula, kila mmoja ametazama kando ili akikamatwa asiweze kumtambua mwenzake. Ni sanamu yenye akili, na imenigusa. Ila nina nongwa nayo kidogo. Kimathi pale kwenye barabara yake, tangu 2007, ana bunduki. Mwanamke amepewa kikapu. Kikapu ni kweli, bila kikapu msitu ungekufa njaa. Lakini Muthoni hakuwa kikapu.

Ndugu zetu wa Msumbiji walifanya kinyume. Frelimo, chama chao cha ukombozi, iliunda kikosi cha wanawake mwaka 1967, mafunzo mengine yakifanyika Nachingwea, kusini mwa Tanzania. Josina Machel, mpiganaji wa Frelimo, alipofariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971 siku hiyo ikawa siku ya wanawake wa nchi yake. Mabango ya ukombozi ya enzi ile, huku Afrika na hata kule Cuba, yalimpenda sana mwanamke mwenye bunduki begani na mtoto mgongoni. Ni picha tamu. Nami ninaishuku kama ninavyoshuku ile ya msuli. Mtoto ni wa nani? Nani alimlea bunduki ilipolia? Baada ya uhuru mama yule alipewa ofisi gani?

Hatimaye, jeshi letu. Kikosi cha huduma cha wanawake kiliundwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwishoni mwa miaka ya 1990 kikavunjwa ili wanawake waingie katika vikosi vyote. Fatuma Ahmed alikuwa mwanamke wa kwanza kufikia cheo cha meja jenerali, mwaka 2018, na Mei 2024 akakabidhiwa Jeshi la Anga. Picha zake ni nyingi na zimetunzwa. Mimi nawaza juu ya wale walioingia mwanzo, ambao sasa wana zaidi ya miaka sabini. Walikwenda studio za River Road wakiwa na sare mpya wakapiga picha ya kupeleka nyumbani. Hizo ndizo ninazozitaka. Nazitaka pia kalenda, kadi za Krismasi, vibonzo vya magazeti vilivyowachekesha watu kwa gharama yao, na siku hizi zile picha za gwaride la kufuzu pale Eldoret pamoja na maoni yaliyoandikwa chini yake. Maoni yale ndiyo postikadi ya senti 1 ya zama zetu. Mtu akiandika "huyu nani atamwoa?" chini ya picha ya kuruta, usifute tu kwa hasira. Piga skrinshoti, andika tarehe, kisha ndiyo ufute.

Kwa walio na vitu nyumbani, machache ya haraka. Andikeni nyuma ya picha kwa penseli laini, si kalamu, maana wino hupenya hadi usoni. Wazeni pia jambo linalonikosesha usingizi: tafadhali msilamineti. Najua vyeti vyetu vyote vimelaminetiwa, lakini joto la mashine na plastiki ile havitoki tena. Zile albamu zenye kurasa za kunata nazo zinaila picha polepole. Gazeti huchakaa kwa asidi iliyomo ndani ya karatasi yenyewe, kwa hiyo liondoeni juani, mlitolee nakala kwenye karatasi bora, na la asili mlitunze bapa. Ukisikia harufu ya siki kwenye kasha la negativu, litenge na mengine siku hiyo hiyo, maana uozo huo huambukiza. Walioko Mombasa wana kazi kubwa kuliko sisi wa huku juu kwa sababu ya unyevu. Na mkinitumia picha kwa WhatsApp, itumeni kama faili. Ikija kama picha ya kawaida, simu huikamua hadi sura ya mtu inabaki ukungu.

Sitaki siri za jeshi. Sitaki kujua silaha zilikuwa wapi. Nataka jina kamili, la utani pia kama lipo, kikosi, mwaka, studio, na kile ambacho watu wa nyumbani walisema walipoipokea picha. Hilo la mwisho msiliache hata kama linauma.

Meza iko kule kulia, na vijana wawili wenye skana. Mama mmoja aliyeketi mstari wa tatu ameniuliza kabla hatujaanza kama picha yake inafaa, kwa kuwa sare aliyoivaa siku ile haikuwa yake, aliiazima ili apendeze. Nimemwambia ailete, na atuambie aliiazima kwa nani.